Mkopo wa Kijani Ujifunze Kuangalia Mwezi

Ukitaka kumwomba hela mama yangu mdogo wa Igombe, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Viktoria hapa Mwanza, kwanza tazama juu. Mbalamwezi ikiwa imejaa, nyamaza. Dagaa hawafuati taa wakati ziwa lote linang'aa, kwa hiyo mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, na chanja za kuanikia zinabaki tupu. Hela hurudi giza likirudi. Mwalo mzima unaishi hivyo, mwenye mtumbwi hadi muuza chapati.

Mama mdogo ana mtumbwi mmoja. Alichoka na karabai: mafuta ya taa yanapanda bei, kioo kinapasuka upepo ukivuma, na mengine yanamwagika ziwani, maji yale yale tunayochota. Akaamua kununua taa za betri pamoja na paneli ya kuzichajia. Hesabu yake ilikuwa nzuri tu, maana fedha ya mafuta ya kila usiku ingetosha kulipa deni. Akakopa kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu. Marejesho kila Jumatatu. Giza la kwanza alilipa bila shida. Mbalamwezi ikaja, Jumatatu nayo ikaja, faini ikaanza kuzaa faini. "Mwanangu," aliniambia, "mwezi haujui Jumatatu." Mwishowe akauza zile taa ili alipe deni la zile zile taa. Leo karabai zimerudi mtumbwini.

Ndiyo maana nikisikia semina za hotelini kuhusu sifuri ya hewa ukaa, yaani tunachotoa angani kisizidi kinachofyonzwa, huwa nauliza jambo moja: marejesho ni lini?

Maana fedha yenyewe ipo. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ikitafuta shilingi bilioni 40, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga ikauza yake ya bilioni 53.12, ya miaka kumi, ili kupanua miundombinu ya maji. Nawapongeza Tanga kwa moyo mmoja, na nawaonea wivu kidogo, sisi tuliojengewa mji juu ya ziwa. Watanzania wenye akiba wameonyesha kwamba wako tayari kuiweka kwenye mambo ya mazingira. Shida yangu ni safari ya hiyo fedha kutoka Dar es Salaam hadi Igombe. Njiani inakutana na fomu inayotaka hati ya nyumba na mshahara wa kila mwezi, inageuka na kurudi.

Benki wana hoja, siwezi kuwadharau. Mtumbwi unazama, injini inaibwa, na mkopo mdogo unamgharimu afisa mafuta ya pikipiki sawa na mkubwa. Lakini kausha damu anakutana na hatari hizo hizo na bado anakopesha. Anazifidia kwa riba ya kuua. Benki yenye fedha ya bei nafuu ya miaka mitano au kumi ingeweza kuzifidia kwa akili: marejesho yaangukie giza, mbalamwezi ipumzike, na taa zenyewe ndizo ziwe dhamana.

Au asikopeshwe mvuvi kabisa. Akopeshwe mtu mmoja pale mwaloni mwenye paneli na betri nyingi, wavuvi wakodi taa jioni na kuzirudisha alfajiri. Usiku usio na safari hauna deni. Upande wa Kenya wa ziwa hili, kampuni ya Ujerumani OSRAM ilianza kukodisha taa za kuchaji kwa wavuvi tangu 2008, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naota.

Viwanda vya minofu ya sangara navyo visijifiche nyuma ya miche ya miti. Kila mwaka tunaona fulana mpya, picha, miche mia kadhaa, halafu mbuzi wanamalizia kazi. Hewa ukaa ya kiwanda iko kwenye barafu, jenereta, malori na ndege inayopeleka samaki Ulaya. Sasa bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeingia kwenye gridi ya taifa, na jenereta ya dizeli ingepaswa kuwa ya dharura tu. Baadhi ya wanunuzi wa huko nje wameshaahidi kupunguza hewa ukaa hadi kwa wanaowauzia, na siku wakidai hesabu, picha ya mche haitajibu. Mwenye kiwanda aliye na busara angeanza kupima dizeli yake leo na kuiandika kitabuni, kisha aende benki akiwa na hicho kitabu mkononi, maana huo ndio mkopo wa kijani ambao benki yoyote ingeuelewa haraka.

Mama mdogo hakopesheki tena kwa sasa, jina lake limechafuka. Giza linaanza wiki ijayo. Jana amenipigia simu: nikipita Kirumba, nimtafutie kioo cha karabai.