James Bama: alikimbia biashara, au alihamia soko jingine?

Habari za James Bama husimuliwa kama habari za mtu aliyetoroka kifungoni. Kwa takriban miaka ishirini alichora majalada ya vitabu jijini New York, akilipwa na wachapishaji na kukimbizana na siku ya kukabidhi kazi. Mwaka 1968 yeye na mkewe wakahamia milima ya Wyoming, na miaka michache baadaye akaachana kabisa na kazi za kuagizwa. Tangu hapo akawa mchoraji wa picha za kutundikwa ukutani, hadi alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 95. Wanaomsifu kwa uamuzi huo husema Wyoming ndiko alikoanza kuwa msanii. Wapenzi wa majalada yake hujibu kwamba msanii alibaki New York, na aliyekwenda milimani ni fundi tu mwenye mkono mwepesi. Kila upande una hoja zake, na nitazipima. Ila wamekubaliana kimyakimya katika jambo moja ambalo mimi silikubali: kwamba kuna Bama wawili.

Tuanze na huyo wa kwanza. Alizaliwa New York mwaka 1926, akatumikia jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akasoma Art Students League, shule ya sanaa ya New York, chini ya mwalimu Frank Reilly. Reilly aliufundisha uchoraji kama ufundi wenye hatua zake: kwanza umbo, halafu mwanga na kivuli vilivyopangwa kwa ngazi tisa za kijivu kati ya nyeupe na nyeusi, na rangi ikafuata baadaye. Aliyezishika ngazi hizo aliweza kuchora ngozi, chuma au kitambaa kilicholowa, na mtazamaji akajua ni kipi bila kuambiwa. Bama akaingia studio ya Charles E. Cooper, iliyokuwa miongoni mwa studio zenye jina kubwa katika uchoraji wa magazeti na matangazo, kisha akafanya kazi nyingi kwa kampuni ya vitabu ya Bantam.

Soko lenyewe la vitabu vya jalada laini lilikuwa changa. Wachapishaji Penguin walianza Uingereza mwaka 1935, na Pocket Books wakafuata Marekani mwaka 1939 kwa senti 25 kitabu. Vitabu hivyo vya jalada laini havikungoja mnunuzi aingie dukani kutafuta mwandishi anayemjua. Vilipangwa kwenye vibanda vya magazeti, stesheni na maduka ya dawa, mtu akipita na haraka zake. Jalada lilikuwa na sekunde chache za kumshika. Kwa hiyo mchoraji hakuwa huru, na haina haja ya kulipamba hilo. Mkurugenzi wa sanaa alimpa mada na siku ya mwisho. Sehemu ya juu ya picha ilibidi iachwe tulivu kwa sababu jina la kitabu lingechapwa hapo. Picha iliyochorwa kwa siku kadhaa ingepunguzwa mpaka ukubwa wa kiganja. Na mara nyingi mchoro wenyewe ulibaki kwa mchapishaji, ambaye akishamaliza kuchapa hakuona tena thamani yake. Michoro mingi ya zama hizo imepotea hivyo.

Sasa tazama alichokifanya Bama ndani ya nafasi hiyo finyu. Mwaka 1964 Bantam walianza kuchapa upya hadithi za Doc Savage, shujaa wa magazeti ya bei rahisi ya miaka ya 1930. Kwenye magazeti yale Walter Baumhofer alikuwa amemchora kama kijana mtanashati, jasiri, wa kawaida. Bama akamfanya kiumbe kingine. Shati limechanika, mbavu na mikono viko wazi, ngozi inang'aa kama shaba iliyosuguliwa, nywele zimelala kichwani utadhani zimemiminwa, zikichongoka katikati ya paji la uso. Umri wake haukadiriki. Jalada zima mara nyingi limeogeshwa rangi moja, hili kijani, lile bluu, jingine jekundu, hivyo kitabu kipya kilijitenga na kilichotangulia huku mfululizo wote ukitambulika kutoka upande wa pili wa barabara. Alichora majalada 62 ya namna hiyo. Aliyekuwa akisimama mbele ya kamera kama kielelezo ni Steve Holland, mwigizaji aliyecheza Flash Gordon kwenye televisheni miaka ya 1950, na ukizilinganisha picha za Holland na majalada yenyewe ndipo unapoona kazi ya Bama iko wapi. Mifupa ya uso ni ile ile. Kilichoongezwa ni kila kitu kinachomfanya mtu huyo asiwezekane kuwepo duniani.

Hapa ndipo hoja ya kwanza, ile ya kwamba biashara huua ubunifu, inapoanza kuyumba. Mkosoaji Clement Greenberg aliigawa sanaa mafungu mawili katika insha yake ya mwaka 1939: upande mmoja wale wanaosukuma sanaa mbele, upande mwingine bidhaa za kuwafurahisha watu bila kuwachosha. Majalada ya magazeti aliyaweka fungu la pili bila kusita. Mgawanyo huo ulitawala kwa miongo, na ukimpima Bama kwa kipimo hicho amekwisha kabla hajaanza. Lakini matatizo aliyoyatatua kwenye majalada yale, yaani jinsi ya kumfanya mtu mmoja aonekane mpya mara 62 na jinsi ya kujenga hofu kwa rangi moja, ni matatizo ya uchoraji hasa. Aliyempa ni mteja. Majibu alitoa mwenyewe.

Hata hivyo sitaki kuyapaka majalada sukari. Ukiyatandaza yote pamoja, kuna mahali yanaanza kuchosha. Doc anakunja ngumi, Doc anageuka nyuma, Doc anashuka kwenye kamba. Hana huzuni, hana usingizi, hana mtu aliyemkosea jana. Mchoraji mwenye jicho la Bama kwa nyuso za watu akikaa miaka na uso usiobadilika, lazima afike mahali atake uso mwingine. Hili kwangu ndilo jibu la kwa nini aliondoka, na linanitosha kuliko zile habari za kuitafuta roho yake milimani.

Jibu la pili ni la soko, na wanaosimulia hadithi ya kutoroka hulipita haraka. Zama za wachoraji wa magazeti zilikuwa zinakwisha. Televisheni ilishachukua matangazo, na magazeti yaliyobaki yalipenda picha za kamera. Gazeti la Saturday Evening Post, lililomlea mchoraji Norman Rockwell, lilisitisha uchapishaji mwaka 1969. Ni kweli vitabu vya jalada laini viliendelea kustawi, kwa hiyo Bama hakufukuzwa na njaa. Lakini wakati mlango mmoja ulikuwa unafungwa, mwingine ulikuwa umefunguliwa magharibi mwa Marekani: jumba la sanaa ya Magharibi la Whitney lilianzishwa Cody, Wyoming, mwaka 1959, na chama cha Cowboy Artists of America kikaundwa Arizona mwaka 1965. Kulikuwa na wanunuzi wenye fedha waliotaka farasi, vumbi na makauboi, na walitaka vichorwe na mtu anayejua anatomia. Nani aliyeijua kuliko wachoraji wa majalada na mabango? Howard Terpning, aliyechora mabango mengi ya filamu za Hollywood, alihamia Arizona mwaka 1977 kwa njia hiyo hiyo, na picha zake zimeuzwa minadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Bama hakuwa peke yake, na alikokwenda palikuwa na bei, mawakala na ladha za wateja kama alikotoka. Hata chapa za picha zake zilitolewa kwa toleo lenye idadi maalumu kupitia kampuni ya Greenwich Workshop, maana yake sehemu ya kipato chake iliendelea kutoka kwenye mashine ya kuchapia.

Je, basi hakuna kilichobadilika? Kimebadilika, tena kikubwa. Sasa aliyeamua nani achorwe ni yeye.

Wachoraji wengi wa Magharibi walifuata njia ya watangulizi wao, Frederic Remington na Charles Russell: vita, mbio za farasi, nchi isiyo na uzio, mambo ambayo wafuasi hao wenyewe hawakuyaona. Bama alikataa. Alichora watu waliokuwa hai, majirani na watu aliokutana nao, wazee waliofanya kazi na ng'ombe maisha yao yote, watafuta madini, wanaume na wanawake wa jamii za asili za Amerika waliokuwa wakiishi miaka ile ya 1970 na 1980. Mfano ninaourudia kila mara ni ule wa mwaka 1978 wa kijana wa jamii ya Sioux. Kijana amesimama mbele ya ukuta uliochakaa, na ukutani kuna onyo lililochapwa kwa herufi kubwa: ni marufuku kuegesha, watakaokaidi magari yao yatavutwa. Basi. Hakuna nyati wala machweo. Ardhi ni ya nani, na nani anamkataza nani kusimama wapi, mtazamaji anaachiwa ukuta huo aulize mwenyewe. Mkurugenzi wa sanaa wa Bantam asingeweza kuagiza picha ile, kwa sababu hakuna kitabu ambacho ingekiuza.

Wapo wanaosema picha zile ni nakala za kamera zilizopakwa rangi. Ni kweli Bama alitegemea sana picha za kamera, New York na Wyoming pia. Lakini miaka hiyo hiyo wachoraji kama Richard Estes na Chuck Close walikuwa wakifanya kazi kutokana na picha za kamera waziwazi, na majumba ya sanaa ya New York yaliwapokea vizuri. Nionavyo, kilichowatenganisha na Bama machoni mwa wakosoaji ni kwamba wao walichora vioo vya maduka na nyuso za marafiki wasanii kwa ubaridi, naye alichora wazee wenye kofia kwa heshima iliyo dhahiri. Heshima ikionekana wazi kwenye picha, wakosoaji wa jiji huingiwa na wasiwasi.

Lawama nyingine ina uzito zaidi. Mtu wa New York anapochora watu wa jamii za asili na kuwauzia matajiri picha hizo, anayefaidika na uso ule ni nani? Picha ya mwaka 1978 inalijua swali hilo. Nyingine nyingi hazilijui. Zinamweka mtu kwenye mavazi ya mababu mbele ya mandharinyuma tupu, kama vile muda umesimama. Hapo Bama anarudi karibu mno na matarajio ya mnunuzi. Na wazee wake wa ng'ombe, nitasema tu, wengi wanafanana: makunyanzi, macho yaliyofinywa na jua, kofia iliyokwisha. Ukiona kumi, la kumi na moja umeshalijua.

Mandharinyuma tupu yale ndiyo yanayonirudisha kwa Bama mmoja. Mtu peke yake, mwanga kutoka upande mmoja, nyuma yake kimya ili kisimpiganie nafasi. Hiyo ni lugha ya jalada. Aliijifunza pale alipolazimika kuacha nafasi ya jina la kitabu, na alipofika mahali ambapo hapakuwa na jina la kuchapa, nafasi ileile ikawa ni hewa ya kumzunguka mtu. Asingepita kwa Reilly, kwa Cooper na kwa yale majalada 62, kijana wa mbele ya ukuta asingesimama vile.

Robert McGinnis ni kipimo kizuri. Alizaliwa mwaka 1926 kama Bama, akachora majalada zaidi ya 1,200 na mabango ya filamu, likiwemo lile la Breakfast at Tiffany's la mwaka 1961. Naye alichora mandhari na matukio ya Magharibi kwa ajili yake mwenyewe, ila hakuona haja ya kuacha moja ili afanye jingine, hadi alipofariki mwaka 2025. Kwa upande wa pili yupo Edward Hopper, aliyezichukia kazi za magazeti na kuziacha katikati ya miaka ya 1920 mara picha zake zilipoanza kununuliwa. Kwa Hopper neno kutoroka linafaa, maana ukitazama kazi zake za kuagizwa huoni kwa urahisi mchoraji atakayekuja. Kwa Bama unamwona tangu jalada la kwanza la Doc.

Ningelazimika kuchagua, ningemchukua kijana wa Sioux kabla ya jalada lolote, na ningechukua majalada kumi ya Doc Savage kabla ya kauboi mzee hata mmoja. Najua mnada haukubaliani nami, kwani wanunuzi wa picha za Magharibi na wakusanyaji wa majalada bado ni makundi mawili yasiyosalimiana sana. Lakini chama cha wachoraji wa vitabu na magazeti, Society of Illustrators, kilimwingiza kwenye orodha yake ya heshima mwaka 2000, karibu miaka thelathini baada ya kuacha kazi yao. Wao walimhesabu bado ni wao. Majumba ya sanaa ya Magharibi yangeweza kujibu kwa kutundika Doc mmoja chumba kimoja na wale wazee, bila maelezo marefu, ili wageni waone ni mkono uleule.