Sona mpya bila kuyajua maji ni hasara

Nilikuwa na miaka tisa hivi baba mdogo aliponichukua kuvua Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Tulitokea Katonga, hapa Kigoma, jua likizama, siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Usiku ulipokuwa mkubwa nikajilaza chini kwenye mtumbwi, sikio limegusa ubao uliolowa, nikasikia mngurumo mzito wa taratibu ukipanda kutoka majini. Nikainuka nikatazama pande zote. Giza tupu.

"Baba mdogo, kuna meli."

"Hiyo ni Liemba, inatoka kusini. Lala, taa zake bado sana."

Tukainua wavu, tukamwaga dagaa, tukaushusha tena, ndipo taa zikachomoza kwa mbali.

Hewani sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Majini hukimbia karibu mita 1,500, tena hufika mbali kuliko mwanga unavyoweza kufika humo. Sona, yaani mashine ya kutafuta vitu majini kwa sauti, yote imejengwa juu ya hilo, tangu Mfaransa Paul Langevin alipotumia fuwele za kwatzi kupiga sauti majini na kungoja mwangwi urudi kutoka kwenye nyambizi. Ilikuwa miaka ileile ya Vita vya Kwanza, wakati Wajerumani hapa kwetu walipoizamisha meli yao Götzen wenyewe, Julai 1916, isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ndiyo hiyo Liemba niliyoisikia.

Naandika haya kwa sababu vijana wa kijiweni kwetu Mwanga wanazifuatilia sana habari za manowari. Ikisikika nchi fulani imezifunga meli zake sona mpya za kusaka nyambizi, mjadala huwaka, na kila mara huishia kwenye bei na nguvu ya mashine. Nasema wazi kwamba hapo wanakosea. Nusu ya kazi ya sona ni maji yenyewe, na nusu ya iliyobaki ni mtu aliyevaa vile visikilizio masikioni. Jeshi linalonunua mashine likasahau hivyo viwili limenunua kelele.

Chukueni mkasa wa Wamarekani kabla ya Vita vya Pili. Mazoezini, sona zao zilifanya kazi vizuri asubuhi, zikafifia mchana. Asubuhi nyambizi inasikika, alasiri imepotea. Wapo waliowalaumu waendeshaji kwamba wakishakula chakula cha mchana wanasinzia. Mwaka 1937 watafiti wa Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, walipima joto la bahari kwa kina wakiwa na meli ya USS Semmes, wakakuta sababu. Jua la mchana hupasha maji ya juu kidogo tu, nyuzi moja au mbili, na hiyo inatosha. Kila nyuzi moja ya joto hubadili kasi ya sauti kwa karibu mita 3 kwa sekunde, na sauti siku zote hupinda kuelekea kwenye maji ambako inakwenda polepole, yaani ya baridi. Basi badala ya kwenda mbele, sauti ya meli ilikuwa inainama na kuzama. Mbele yake panabaki kivuli, na nyambizi ikikaa humo haiguswi. Waendeshaji hawakuwa wamelala. Baada ya hapo mwanasayansi Athelstan Spilhaus akakitengeneza vizuri chombo cha kuburutwa na meli, kinachochora joto la maji kadiri kinavyoshuka, na vita vilipokuja kilifungwa kwenye meli na kwenye nyambizi zenyewe, maana nazo zilitaka kujua kivuli kiko wapi.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia sona za siku hizi zinaboreshwa kwa ajili gani. Sona ya zamani hukaa tumboni mwa meli, karibu na uso wa maji, juu ya tabaka linalopindisha sauti. Mpya hushushwa kwa waya nyuma ya meli, ikapita chini ya tabaka hilo na kupigia sauti kulekule nyambizi inakojificha. Nyuma yake huburutwa mkia mrefu wa vinasa sauti, mbali na kelele za injini ya meli yenyewe. Baadhi ya manowari za Uingereza za Type 23 zimefungwa mfumo wa namna hiyo, uitwao Sonar 2087. Nao hutumia sauti nzito, ya chini, kwa kuwa maji huimeza sauti nyembamba haraka na kuiacha nzito iende mbali. Kile nilichosikia sakafuni mwa mtumbwi kilikuwa sauti nzito vilevile.

Haja ya kuboresha ipo, silipingi hilo. Nyambizi zimekuwa kimya mno. Mwaka 2005 Marekani iliikodi nyambizi ya Uswidi, Gotland, pamoja na mabaharia wake, ili ijifunze kuitafuta, na mazoezini nyambizi hiyo ndogo ilifika mahali pa kuishambulia USS Ronald Reagan, meli kubwa ya kubeba ndege. Kusikiliza tu hakutoshi tena. Tarehe 26 Machi 2010 meli ya Korea Kusini, Cheonan, ilikatika vipande viwili, wakafa mabaharia 46. Uchunguzi ulioongozwa na Korea Kusini, wenye wataalamu wa nchi nyingine, ulisema ni torpido (kombora la majini) ya nyambizi ya Korea Kaskazini, ambayo nayo ilikana. Nikifikiria vijana 46 waliokufa usiku ule, siwezi kuyaita haya mambo ya kuchezea vijiweni.

Lakini tazameni na Waswidi. Mwaka 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba karibu na kituo chao cha wanamaji cha Karlskrona. Tangu hapo kila sauti ya ajabu majini iliwatia shaka, na kwa miaka mingi waliisaka sauti moja, kama kitu kinachokaangwa kwenye mafuta. Mwaka 1996 wakawaita wanabiolojia wawili kuisikiliza. Walikuta ni samaki aina ya heringi, ndugu wa dagaa wetu, wakitoa viputo vya hewa kwa pamoja. Vinasa sauti vilikuwa vizuri na viliisikia sauti sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba huyo ni samaki.

Huku kwetu nimeliona jambo la aina hiyo kwa macho yangu. Mzee mmoja mwenye boti hapa Kibirizi alinunua mashine ya kutafutia samaki, akamkabidhi kijana aiendeshe. Alasiri moja kioo kikaonyesha mkanda mzito mwekundu kwenye mita 60 na kitu. Chini yake hapana kitu. Mzee akasema mashine inamwonyesha kwamba hapo ndipo ardhi ilipo, na inadanganya, kwa sababu yeye anajua kina cha pale ni kirefu mno. Kijana naye hakuwa na jibu. Akagombezwa, mashine ikauzwa kwa bei ya kutupa. Ule mkanda haukuwa ardhi. Walikuwa dagaa wamekaa mchana juu ya mpaka wa maji ya joto na ya baridi, na kifuko cha hewa tumboni mwa samaki hurudisha mwangwi kama kengele.

Maana ziwa letu lina matabaka mwaka mzima. Kina chake ni mita 1,470, lakini upande wetu wa kaskazini ukishavuka mita 100 hivi oksijeni inakwisha, samaki hawapo. Mradi wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Ufini ulioanza 1992 ulipita humu na vyombo vya sauti kuhesabu samaki, kwa hiyo elimu hii si ngeni Kigoma. Haijashuka tu mpaka mwaloni. Na mwaka 2024, tulipofungiwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, tulibishana miezi mitatu kama samaki wapo au wamekwisha, kila mtu akiapa kwa macho yake.

Ninachotaka ni hiki: boti yoyote ya umma itakayofungwa sona kwenye ziwa hili, iwe ya doria au ya utafiti, ije na kamba ya kupimia joto la maji, na watu wawili wafundishwe, wakae na kazi hiyo miaka, wasihamishwe kila wanapoanza kuelewa. Gharama yake ni ndogo kando ya bei ya mashine.

Juzi niliazima kwa rafiki kipimajoto kidogo cha betri, kinachoandika chenyewe. Nikakifunga kwenye kamba niliyoipiga fundo kila mita tano, tukaenda palepale. Juu, nyuzi 27. Fundo la tisa, bado 26. Fundo la kumi na nne, 24 na kitu kidogo. Yale maji yanabadilika ndani ya urefu wa mnazi mmoja, na ndipo ule mkanda ulipokuwa.

Nikampelekea mzee zile namba kwenye karatasi. Akazisoma mara mbili, akanyamaza. Kisha akaniuliza kama namfahamu aliyeinunua ile mashine.