Usimfiche Mungu kwenye mapengo

Mjadala wa imani na sayansi ukianza tu, Galileo, mwanaanga wa Italia, hakosi kutajwa. Ni haki atajwe: mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimlazimisha akane kwamba dunia inalizunguka jua, na akafia kifungoni nyumbani kwake. Lakini mimi, muumini ninayeipenda sayansi, kisa ninachokirudia zaidi ni cha padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître.

Alipata upadri mwaka 1923. Miaka minne baadaye, akifundisha chuo kikuu huko Leuven, aliandika kwamba ulimwengu unatanuka na galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana. Mwanafizikia Einstein alikubali kuwa hesabu haina kosa, ila fizikia yenyewe aliichukia. Mwaka 1931 padri akasogea mbele zaidi: kama leo vyote vinaachana, basi hapo kale vilikuwa vimeshikamana katika kitu kimoja kidogo. Hiyo ndiyo mbegu ya nadharia ya Mlipuko Mkuu.

Hebu fikiria, padri ndiye anayesema ulimwengu ulikuwa na mwanzo! Wengi wetu tungekimbilia mimbarini. Na kweli, mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia akiichukua sayansi hiyo kama shahidi wa uumbaji. Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia ile ilikuwa ya fizikia, ya kupimwa kwa darubini na hesabu, na asiyeamini Mungu alikuwa na haki ya kuichunguza sawa na yeye. Akabaki padri mpaka kufa.

Naona alikuwa sahihi, na anayenionyesha kwa nini ni Newton, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza nguvu ya uvutano. Newton naye alimwamini Mungu. Aliona sayari zinavutana na kupotoshana njia, akahofia kwamba mpangilio mzima ungevurugika, akasema Mungu huurekebisha. Kabla karne ile ya 18 haijaisha, mwanahisabati Mfaransa Laplace akaonyesha kuwa misukosuko ya sayari za Mshtarii na Zohali hupanda na kushuka kwa mzunguko wake, bila mkono wa kuirekebisha. Pengo likazibwa. Na Mungu aliyewekwa pale aende wapi? Ndiyo maana naumia nikimsikia mhubiri akisema, "Sayansi imeshindwa kulieleza hili, basi ni Mungu." Anamjengea Mungu kwenye ukingo unaomomonyoka. Maelezo yakipatikana, kijana aliyeamini kwa sababu hiyo moja ataona alidanganywa, nami sitamlaumu.

Gregor Mendel alikuwa mtawa. Alipanda njegere bustanini mwa monasteri, akazihesabu kwa maelfu mpaka akauona uwiano wa tatu kwa moja katika namna sifa zinavyorithiwa. Sala yake haikumwondolea kazi ya kuhesabu.

Sisemi kwamba kila imani inapatana na kila ugunduzi. Anayeshikilia kwamba dunia ina umri wa miaka elfu chache amegongana na miamba na vimondo, ambavyo vikipimwa vinatoa miaka bilioni 4.5 hivi. Hapo hakuna maneno matamu ya kusuluhisha. Mimi nimekubali umri huo, nikalazimika kuyasoma upya maandiko niliyodhani nayajua, na haikuwa rahisi. Anayedai kwamba maabara imethibitisha hakuna Mungu naye namuuliza: ulimpima kwa chombo gani?

Swali ninaloliogopa ni lile linalokatazwa. Mtoto akiuliza nyota zimetoka wapi, kumjibu "Mungu ameziumba" kisha kumnyamazisha ni kumnyima kazi ya Mungu huyo huyo.

Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba antena ya redio imenasa mnururisho (mionzi) hafifu kutoka kila upande wa anga, masalia ya joto la mwanzo ule. Lemaître alikuwa mgonjwa hospitalini alipopelekewa habari. Alifariki Juni 1966, akiwa ameshaisikia.