Tembo mwenye msuko hajaja kuficha chochote

Kila nikiposti picha tuko Barclays Center, ukumbi wa Brooklyn wanakochezea New York Liberty, na watoto, kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa huku New York na New Jersey hakosi wa kuniambia kwamba basketi ya wanawake bila madansi na vikaragosi hamna mtu angekaa mpaka mwisho, yaani mchezo wenyewe hauna ladha ndo maana wanamleta tembo acheze, yule mtu aliyevaa vazi la tembo wa timu. Mimi nasema mtu wa namna hiyo hajawahi kukaa masaa mawili kwenye kiti kimoja na mtoto wa miaka sita. Angejaribu kwanza, halafu tuongee.

Kwa wasiowajua, New York Liberty ni kati ya timu nane zilizoanza na WNBA, ligi ya basketi ya wanawake ya Marekani, mwaka 1997. Wamecheza miaka mingi Madison Square Garden, halafu 2018 wakapelekwa White Plains kwenye ukumbi mdogo wa kaunti, mbali na mjini, mashabiki wakapungua kweli kweli, mpaka Joe Tsai na mkewe Clara Wu Tsai walipoinunua timu 2019 na ikahamia Brooklyn. Tembo kaja 2021, anaitwa Ellie, na sio kwamba walichagua mnyama tu wa kubahatisha, maana mwaka 1884 yule bwana wa sarakasi P.T. Barnum alivusha tembo 21 juu ya daraja la Brooklyn ili watu waamini halitaanguka. Stori nzuri, ila wanangu hata hawaitaki. Wao wanataka msuko.

Jamani ule msuko! Ellie ana msuko mmoja mnene umeshuka mgongoni, akianza kucheza anauzungusha, anaurusha huku na huku, na nguo anabadilisha kama bibi harusi kwenye sherehe. Sasa mimi nina binti ambaye kumfumua tu kichwa ni vita ya mtaa mzima, majirani wanadhani namchinja, lakini tangu amjue Ellie anakuja mwenyewe anakaa katikati ya magoti yangu, mama nisuke kama Ellie ila rasta iwe nyeusi. Na analia hivyo hivyo, lakini hatoki. Aliyembuni yule tembo alijua kabisa watoto wa Brooklyn wanaoketi kule juu wana nywele gani.

Halafu kuna Timeless Torches, hawa ndo nawapenda mimi. Ni kundi la wacheza dansi wa timu, wanaume kwa wanawake, na sharti uwe na miaka 40 kwenda juu, wapo tangu 2005. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea tulimchukua, akakaa robo ya kwanza yote kimya, mkoba mapajani, kitenge kimefungwa vizuri, kama yuko kwenye kikao cha mahari. Ikaitwa taimauti, Torches wakaingia, mama mmoja mwenye mvi anashuka mpaka chini na kupanda, mama mkwe akanigeukia, "Mwanangu, huyu si rika langu huyu?" Nikamwambia ndiyo mama. Robo ya tatu mkoba kaniachia mimi nimshikie, yeye kasimama anapiga makofi. Sasa niambie ni mchezo gani mwingine mtoto, mama yake na bibi yake wote wanatoka na cha kuhadithia.

Siri yake ni kwamba vitu vinapangwa kwenye mapengo ya mechi yenyewe. Robo moja ya WNBA ni dakika 10, sio 12 kama NBA ya wanaume, na kila taimauti kuna kitu: fulana zinarushwa, kamera inatafuta wanaocheza kwenye siti, hafutaimu mara nyingine unakuta vitimu vya watoto wadogo vinacheza kwenye uwanja ule ule wa mastaa wa Liberty, Sabrina Ionescu na Breanna Stewart. Mtoto hapati nafasi ya kusema nimechoka. Ambacho sikipendi mimi ni yale mambo ya koridoni ambayo timu nyingi wanaweka siku za familia, kuchorwa uso sijui nini, unapanga foleni ndeeefu, ukirudi kwenye siti robo ya pili imeisha na mtoto ana mistari ya chui usoni ila hajui nani anaongoza. Bora akae aone mpira.

Kiangazi kuna zile mechi za katikati ya wiki, saa tano au saa sita mchana, timu zinaalika watoto wa kambi za likizo. Beba panadol. Wamejaa maelfu na fulana za kambi zao, wanapiga kelele kwa kila kitu, hata mpinzani akifunga, hata mpira ukitoka nje. Mimi nimecheza mpira wa pete mpaka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, na hakuna mzazi aliyekuja kutuangalia, wala hatukutegemea, mechi za wasichana zilikuwa za mwalimu wa michezo na wavulana walioachwa kwenye timu yao. Kwa hiyo zile kelele zinaniumiza kichwa na bado nazitaka.

Na hao wanaosema mchezo hauna ladha, waliangalia fainali ya 2024? Mechi ya tano na Minnesota Lynx, ikaenda mpaka dakika za nyongeza, 67 kwa 62, ubingwa wa kwanza wa Liberty tangu ligi ianze. Pale kwetu hamna aliyemuulizia tembo. Kijana wangu aliyekuwa anaenda kwa ajili ya fulana za kurushwa, usiku ule alikuwa ananielezea mimi kwa nini Jonquel Jones, yule dada wa Bahamas, lazima apewe MVP, yaani mchezaji bora, wa fainali, na kweli akapewa.

Ugomvi wangu uko kwenye bei. Tangu Caitlin Clark, yule nyota wa Indiana Fever, aingie ligi 2024 watu wamefurika, Washington peke yake walijaza 20,711 kwenye mechi moja na Fever mwezi wa tisa mwaka ule, na mimi nafurahi, wachezaji walipwe. Lakini Fever wakija Brooklyn tiketi inapaa mpaka familia ya watu wanne inabaki nyumbani na TV. Mechi za jioni za Jumanne na timu isiyo na jina kubwa bado zinashikika, huko ndo nakwenda mimi, juu kabisa, na maandazi tumekula kabla ya kutoka. Liberty wakitaka kupandisha tena wapandishe za chini huko kwa wenye makoti, hizi za juu waziache, maana Ellie atamrushia nani msuko, watu wanaojibu imeili za kazini?