Usikubali "Hatari Kubwa" Tupu: Omba Namba

Mama mjamzito anayeambiwa kwamba vipimo vya mtoto vimeonyesha "hatari kubwa", bila kuelezwa ni hatari ya nini na ni kubwa kiasi gani, bado hajapewa majibu yake. Tunalisema hili kwa uzito, maana wiki nzima za kukosa usingizi huanzia kwenye sentensi moja ya harakaharaka iliyosemwa kwa simu au koridoni. Kila kipimo cha kukadiria hatari kina namba nyuma yake. Namba hiyo imo kwenye karatasi ya maabara, na mama ana haki ya kuiona. Aombe nakala au apige picha, ndipo mazungumzo na daktari yaanze.

Kwanza ajue amefanyiwa kipimo gani. Vipo vya kukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na kasoro ya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), kama sindromu ya Down, na vipo vya kuthibitisha. Kipimo cha pamoja cha mwanzo wa mimba, kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6, huchukua umri wa mama, viashiria viwili vya damu (PAPP-A na beta-hCG) na unene wa majimaji nyuma ya shingo ya mtoto kwenye altrasaundi, kisha kompyuta hupiga hesabu. Kipimo cha damu cha viashiria vinne hufanywa baadaye, kwa kawaida wiki ya 15 hadi ya 20. Cha tatu husoma DNA ya mimba inayoelea kwenye damu ya mama, jambo ambalo Dennis Lo na wenzake walilionyesha mwaka 1997, nacho huanza wiki ya 10. Vyote vitatu vinakadiria tu. Vinavyothibitisha ni kuchukua vipande vidogo vya kondo la nyuma, au kuvuta maji ya uzazi kwa sindano.

Sasa namba yenyewe. "1 kati ya 150" maana yake ni kwamba kwa wajawazito 150 wenye majibu kama haya, mmoja ana mtoto mwenye tatizo linalotafutwa na 149 hawana. Uingereza hutumia 150 kama mpaka: aliyepata 1 kati ya 140 anaitwa mwenye hatari kubwa, aliyepata 1 kati ya 160 anaambiwa hatari yake ni ndogo na anaenda zake nyumbani. Tofauti kati yao haifiki hata mtoto mmoja kwa kila wajawazito 1,000. Mpaka umewekwa ili huduma ijue nani apewe kipimo kinachofuata. Haukuwekwa kuwagawa watoto wazima na wagonjwa, na mhudumu asiyelieleza hilo anamwacha mama aelewe vibaya.

Kipimo cha DNA kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndicho kinachoaminiwa kupita kiasi. Kinasifiwa kwamba hugundua zaidi ya asilimia 99 ya mimba zenye trisomi 21 (kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili), yaani sindromu ya Down, na sifa hiyo ni ya kweli. Kosa ni kuigeuza, mtu akadhani kwamba majibu ya "ndiyo" yana uhakika wa asilimia 99. Chukua wajawazito 100,000 wenye umri wa miaka ishirini na kitu, ambao takriban mmoja kati ya 1,000 amebeba mtoto mwenye trisomi 21. Hao ni 100, na kipimo kitawagundua 99. Wanabaki 99,900 wasio na tatizo. Hata kama kipimo hukosea kwa mmoja tu kati ya 1,000, bado karibu wanawake 100 kati yao wataambiwa "ndiyo" isiyo ya kweli. Kwa hiyo katika majibu ya "ndiyo" yapatayo 200, nusu yake ni ya makosa. Rudia hesabu hiyohiyo kwa wenye miaka 40, ambapo ni karibu mmoja kati ya 100: wenye tatizo ni 1,000, watagunduliwa 990, na watakaosingiziwa ni 99. Hapo "ndiyo" ni ya kweli kwa asilimia 91 hivi. Maabara ni ileile na damu imepimwa kwa njia ileile, lakini uzito wa majibu umebadilika kabisa.

Ndiyo maana swali tunalotaka kila mama aende nalo kliniki ni hili: kwa umri wangu na kwa hali hii iliyotajwa, katika kila majibu kumi ya "ndiyo", mangapi huwa kweli? Kadiri hali inavyokuwa adimu ndivyo idadi hiyo inavyoshuka. Kwa vipande vidogo vya kromosomu vilivyokosekana, "ndiyo" nyingi huweza kuwa za uongo kuliko za kweli. Kwa kromosomu X iliyopungua, mara nyingine kinachoonekana ni chembe za mama mwenyewe, kwa sababu wanawake hupoteza X moja kwenye baadhi ya chembe zao za damu kadiri umri unavyosogea. Kuongeza hali hizi adimu kwenye kipimo bila kumweleza mama mapema ni kumtwisha mzigo ambao hakuuomba.

Tena DNA hiyo haitoki moja kwa moja kwa mtoto. Hutoka kwenye kondo la nyuma. Katika asilimia 1 hadi 2 ya mimba zinazochunguzwa kondo, hukutwa chembe zenye kasoro kwenye kondo huku mtoto mwenyewe akiwa hana. Pacha aliyekufa mapema tumboni naye huacha DNA yake ikizunguka. Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwenye hatua inayofuata: ukithibitisha kwa kuchukua kondo, unaweza kurudia kosa lilelile. Kwa baadhi ya majibu, hasa altrasaundi ikiwa safi, ni afadhali kungoja wiki ya 15 na kupima maji ya uzazi, ingawa kungoja huko kunauma. Daktari aulizwe waziwazi kwa nini anapendekeza njia moja na si nyingine.

Kuna majibu ya aina nyingine yanayowachanganya watu zaidi ya "ndiyo" yenyewe, nayo ni karatasi kurudi bila jibu. Maabara nyingi huhitaji DNA ya mimba iwe angalau asilimia 4 hivi ya DNA yote iliyomo kwenye sampuli. Kwa kawaida katika wiki za 10 hadi 13 huwa karibu asilimia 10. Hupungua damu ikitolewa mapema mno, mama akiwa na uzito mkubwa, au akiwa anachoma sindano za heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Wengi wakirudia kutoa damu hupata jibu. Lakini hapa tuna msimamo: kumwambia mama "rudia tu baada ya wiki mbili" hakutoshi. DNA kidogo huonekana zaidi pia kwenye trisomi 13, trisomi 18 na mimba zenye seti tatu za kromosomu, kwa sababu kondo huwa dogo. Kwa hiyo wakati wa kusubiri marudio afanyiwe altrasaundi ya kina, na kama inaonyesha jambo, asingoje damu ya pili.

Kabla ya kuogopa majibu ya viashiria vinne, angalia tarehe. Viwango vya damu hulinganishwa na vya wajawazito wa wiki ileile, na AFP (protini itokayo kwa mtoto, mojawapo ya viashiria hivyo vinne) hupanda kwenye damu ya mama wiki hadi wiki katika kipindi hicho. Mimba ikihesabiwa kwa hedhi ya mwisho kuwa wiki 17 kumbe ni wiki 15, AFP itaonekana ya chini na hatari ya trisomi 21 itapanda kwenye karatasi bila sababu. Mimba ikiwa kubwa kuliko ilivyoandikwa, AFP itaonekana juu, na mama ataambiwa habari za uti wa mgongo ulio wazi. Dawa yake ni altrasaundi ya kupima ukubwa wa mtoto, kisha maabara irudie hesabu kwa damu ileile. Hahitaji kuchomwa tena. Mama akague na mambo mengine yaliyoandikwa kwenye fomu: uzito wake, kisukari, sigara, idadi ya watoto tumboni, na kama mimba ni ya kupandikizwa kwa yai la mwanamke mwingine, umri unaoingia kwenye hesabu ni wa aliyetoa yai. Kosa la mstari mmoja linatosha kuhamisha mtu upande wa pili wa mpaka. AFP ikiendelea kuwa zaidi ya mara 2.5 ya kiwango cha kati baada ya marekebisho, inahitaji altrasaundi ya kina ya uti wa mgongo, fuvu na ukuta wa tumbo.

Kipimo cha shingo nacho kina masharti yake. Mtoto awe na urefu wa milimita 45 hadi 84 kutoka kichwani hadi makalioni. Aonekane kwa ubavu kwenye picha, kichwa na kifua cha juu vijaze skrini, shingo ikiwa imenyooka kawaida. Akiinua kidevu, namba hupanda. Akikiinamisha kifuani, hushuka. Ngozi ya mtoto isichanganywe na utando wa mfuko wa maji ulio nyuma yake, na mara nyingi mpimaji hulazimika kungoja mtoto ajisogeze ndipo atenganishe mistari hiyo miwili. Hapo tofauti ya nusu milimita ni kubwa. Ikiwa picha ilichukuliwa kwa shida, kuomba mpimaji mwingine mwenye uzoefu arudie si utovu wa adabu. Unene huo wa majimaji ukifika milimita 3.5 au zaidi, hata kromosomu zikitoka sawa, moyo wa mtoto uchunguzwe kwa altrasaundi maalumu kati ya wiki 18 na 22.

Alama ndogo za altrasaundi ya katikati ya mimba, kama kidoa cheupe moyoni au vifuko vya maji kwenye ubongo vinavyopotea vyenyewe, hazibebi uzito mkubwa zikiwa peke yake na kipimo cha DNA kikiwa safi. Tunaona zinatisha kuliko zinavyostahili.

Kabla ya kukubali sindano ya kipimo cha kuthibitisha, mama na mwenzake wakae wajibu swali moja: tukipata jibu la uhakika, litabadilisha nini? Wapo watakaofikiria kuendelea au kutoendelea na mimba, kulingana na sheria na imani yao. Wapo watakaoendelea kwa vyovyote lakini wanataka kujua ili mtoto azaliwe penye madaktari wa moyo na wa watoto wachanga. Wapo ambao hakuna kitakachobadilika. Majibu yote matatu ni ya heshima, na hakuna mhudumu mwenye ruhusa ya kumsukuma mtu.

Anayekubali ajue kinachofanyika. Kondo huchukuliwa wiki ya 11 hadi 14, maji kuanzia wiki ya 15. Kwa kipimo cha maji, sindano nyembamba hupita tumboni ikiongozwa na altrasaundi, huvutwa mililita 15 hadi 20 za maji, kazi ya dakika chache. Hatari ya ziada ya mimba kutoka ni chini ya 1 kati ya 200. Mwenye kundi la damu la Rh hasi apewe baadaye sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Mwenye virusi vya Ukimwi au homa ya ini B aseme mapema, maana wingi wa virusi unapaswa kujulikana, na kama unaweza kushushwa ushushwe, kabla ya sindano kupita. Tumbo kukaza kidogo siku hiyo ni kawaida. Maji kuvuja, damu, homa au maumivu yasiyopoa ni sababu ya kurudi hospitali mara moja. Majibu ya haraka ya kromosomu 21, 18 na 13 huchukua siku tatu hivi za kazi. Uchunguzi kamili huenda hadi wiki mbili au zaidi. Uchunguzi wa kina wakati mwingine huleta badiliko la kinasaba ambalo maana yake haijulikani bado. Hapo hupimwa damu ya wazazi, kwa sababu badiliko hilohilo likikutwa kwa mzazi mzima wa afya, wasiwasi hupungua. Mkubaliane na daktari kabla ya sindano kama mnataka kuambiwa mambo ya namna hiyo.

Siku za kusubiri zipangwe kama matibabu yanavyopangwa. Mama apewe tarehe ya majibu, jina la atakayempigia, na namba ya kupiga tarehe ikipita. Achague saa ya kupokea simu akiwa na mtu wake, si akiwa kazini au barabarani. Mtu mmoja wa familia abebe kazi ya kuwajibu wengine, ili mama asilazimike kusimulia upya kila jioni. Na walio karibu naye waache kutafuta alichokula au alichokosea: trisomi 21 kwa sehemu kubwa hutokana na kromosomu kutogawanyika sawasawa wakati yai linakomaa, jambo lisilotokana na chochote alichofanya akiwa mjamzito.

Aliyeamua kutochomwa sindano asiachwe nje ya huduma. Aombe altrasaundi ya kina ya viungo wiki ya 18 hadi 22, uchunguzi wa moyo wa mtoto, na vipimo vya ukuaji mimba ikiwa kubwa. PAPP-A ikiwa ya chini sana, amuulize daktari kuhusu hatari ya mtoto kutokukua vizuri na presha ya mimba, na kama anafaa kuanza aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16. Kwenye kadi yake ya kliniki iandikwe kwamba majibu hayakuthibitishwa, ili daktari wa watoto amchunguze mtoto akizaliwa na, ikihitajika, achukue damu kidogo ya mtoto ipelekwe kupimwa kromosomu.