Peremende za Shangazi

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa jikoni akipakua pilau na kwa hivyo hakuona lolote, amekwisha kuwatangazia wanachama wote wa chama chetu kwamba nilimlisha mshenga vidonge vya kupanga uzazi, nimeona heri nijianike mwenyewe. Kwanza, havikuwa vya kupanga uzazi, na wala havizuii mimba. Vilikuwa vidonge vya estrojeni, ile homoni ya kike, miligramu 1 kila kimoja, nilivyoandikiwa na daktari kwa sababu nina miaka 52, nimepitisha zaidi ya miezi 12 bila kuona hedhi, na mwili wangu umeamua kuishi Mombasa ilhali mimi ninaishi Umoja, Nairobi. Pili, sikumlisha. Alijihudumia.

Mnaonifuata hapa mnaijua Julai ya Nairobi, jinsi watu wanavyokaa sebuleni na makoti kama wanaosubiri basi. Mimi katika Julai hiyo hiyo joto hunianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni, na kwa dakika chache ninakuwa jiko la makaa lililovaa leso. Tangu nianze vidonge, wiki sita sasa, mambo yamepungua lakini hayajaisha. Daktari alinionya kwamba nafuu kamili huenda ikachukua hadi miezi 3. Nilichokosea ni kuona haya. Kitindamimba wangu husoma kwa sauti kila karatasi inayoingia nyumbani, kwa hiyo nilivitoa vidonge katika pakiti yake, jambo ambalo mfamasia alikuwa amenikataza, nikavitia katika kijaluba cha peremende. Nilijiona mwerevu sana.

Basi siku hiyo tulikuwa kwa kaka yangu tukijadili mahari ya binti yake. Tulikuwa tumefika kwenye mbuzi, mahali ambapo hata watu waliookoka huanza kukunja uso, ndipo joto likanivamia. Nilichomoa kitambaa mkobani nijifute, na kijaluba kikatoka nacho, kikatua mezani mbele ya mshenga, mzee mstahiki ambaye alikuwa akikohoa tangu saa nane.

“Shangazi,” akaniuliza, “hizo peremende ni za kutazamwa tu?”

Nami, uso ukiwa ndani ya kitambaa na kichwa kikihesabu mbuzi, nikajibu, “Karibu, mzee wangu.”

Naomba mnisindikize polepole hapa, kwa maana ndipo nilipozikwa. Alikifungua kijaluba kwa kidole gumba. Humo mlikuwa na peremende mbili tu za kweli, nilizoziweka kwa ajili ya kuhadaa wapelelezi, lakini mkono wake ukazipita. Alichukua kidonge, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, dirisha ambalo mimi ndiye niliyelifungua huku sebule nzima ikitetemeka, kisha akakitia mdomoni. Akakipeleka shavu la kushoto. Akakipeleka la kulia. Akatafuna. Peremende huvunjika kwa mlio. Hiki kilisagika kimyakimya kama chaki, na kimya hicho ndicho kilichonitoa kitambaani.

“Peremende za Nairobi zimekuwa kama maisha ya Nairobi,” akasema, “bei juu, utamu hakuna.” Watu wakacheka, na yeye, kwa furaha ya kuchekesha, akachukua cha pili ili ahakikishe.

Nakiri kwamba niliwaza kunyamaza. Lakini nilifikiri pia kwamba huenda mzee ana dawa zake za shinikizo la damu, na kwamba akianguka kwenye zulia la kaka yangu kabla hatujamaliza mbuzi, nitalaumiwa hadi kaburini. Nikasimama na kusema, “Mzee, tema!”

Alikuwa amekwisha kumeza. “Nimekula nini?”

“Dawa yangu.”

“Ya homa?” wifi yangu akauliza, kwa wema tu. “Ya malaria?”

“Ya waliokoma hedhi,” nikasema. Wanawake wakatazama leso zao, wanaume wakatazama dari.

Nikampigia mfamasia, na mpwa wangu, ambaye sikumwomba msaada, akabonyeza spika ili wageni wasidhani tunawaficha neno. Nikaeleza kwamba kuna mtu amemeza vidonge viwili vya estrojeni kimakosa. Kijana yule, aliyefundishwa kazi yake vizuri mno, akaanza: “Poleni sana. Huyo mama aliona hedhi lini mara ya mwisho?”

Mshenga akainama hadi kwenye simu. “Mwambie sijawahi.”

“Hajawahi kabisa? Je, mfuko wa uzazi bado anao au alitolewa? Nauliza kwa sababu mwenye nao hapewi estrojeni peke yake. Ule utando wa ndani huongezeka unene na unaweza kuleta saratani, ndiyo maana huongezewa projesteroni.”

(Mimi ninao na projesteroni ninayo, msianze kuniandikia. Huimeza usiku kwa sababu huniletea usingizi, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwani tungejadili mbuzi na mtu anayekoroma.)

“Kijana,” akasema mshenga, “mimi ni babu wa wajukuu tisa.”

Simu ikanyamaza muda mrefu hivi kwamba tulidhani salio limekwisha, kisha tukasikia watu wawili wakicheka mbali na kipokezi. Aliporudi, sauti ikimtetemeka, alisema kwamba miligramu 2 za mara moja hazitamdhuru, kuwa wako wanawake wanaomeza kiasi hicho kila siku, kuwa hata mwili wa mwanamume hujitengenezea estrojeni kidogo, na kwamba akisikia kichefuchefu asishangae.

Yaliyobaki ni mafupi. Hakusikia kichefuchefu. Wageni walipunguziwa mbuzi watatu, ambao kaka yangu anawaita mbuzi wangu, na hajanipigia simu tangu siku hiyo. Langoni mshenga alinivuta kando akaniuliza dawa hiyo huuzwa pesa ngapi, maana mkewe hufungua madirisha usiku na yeye alikuwa akidhani ni hasira. Nikamwambia asinunue kitu, ampeleke kwanza kwa daktari apimwe shinikizo la damu na aulizwe habari za saratani ya matiti na damu kuganda, kama nilivyoulizwa mimi. Katika masimulizi ya rafiki yangu, vidonge sasa vimefika vinne na mzee ameanza kulia ovyo.

Harusi ni Desemba. Kamati imenipa kazi ya kugawa maji ya chupa, na imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba yawe yale ambayo hayajafunguliwa.