Acha basi limsubiri maiti

Jumanne iliyopita nilikaa dakika 17 ndani ya basi namba 86, Romford Road, mashariki mwa London, tukikokotana nyuma ya farasi wawili weusi tii waliokuwa wakivuta jeneza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia uji. Nalipwa kwa muda niliomo nyumbani mwao; muda wa njiani ni hasara yangu. Kwa hiyo ninaposema misafara hii ya mazishi iachwe ipite, tena ipite taratibu, msinione mtu asiye na haraka zake.

Nilikuwa ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Msimamizi wa mazishi alitangulia kwa miguu, kofia ndefu kichwani, fimbo mkononi, katikati ya njia utadhani ameirithi kwa babu yake. Nyuma yake farasi, vishada vya manyoya ya mbuni vikitikisika vichwani, halafu gari jeusi lenye vioo pande zote. Ndani jeneza, na maua yaliyopangwa yakasomeka NAN, ndivyo wanavyomwita bibi huku. Kijana mmoja wa gari la mizigo, ubavuni mwetu, akaanza kupiga honi. Farasi wa kulia akageuza sikio nyuma. Sikio tu. Mwendeshaji hata hakutazama; alivuta hatamu kwa kidole, kidogo sana, sikio likarudi mbele.

Mwongozo wa barabara wa Uingereza uko wazi. Tangu Januari 2022 unamtaka dereva ampite farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, kama kilomita 16 hivi, na amwachie nafasi ya angalau mita 2. Honi ndiyo kabisa usiguse. Yule kijana lazima aliyasoma hayo siku ya mtihani wa leseni. Mimi lililoniuma ni kwamba aliliona jeneza na bado akaibonyeza.

Kwetu Tanga maiti hupelekwa haraka, maana tumefundishwa tusimcheleweshe. Lakini huenda mabegani mwa watu, wanaume wakipokezana jeneza kila hatua chache, na bodaboda zote kimya. Muuza duka anaacha mizani anasindikiza japo mpaka kona. Huku farasi wanakwenda polepole, kule mabega yanakwenda mbio, ila barabara inapata habari ileile: kuna mtu ametoka. Gari la mazishi la kawaida halipeleki habari hiyo. Linamezwa katikati ya malori, likifika taa nyekundu linasimama kama teksi. Ndugu zetu wa Kenya wanaosafirisha maiti kutoka Nairobi kwenda magharibi hufunga vitambaa vyekundu kwenye magari ili wajulikane, kisha wanakimbia mbio ambazo wakati mwingine zinataka kuongeza maiti wengine.

Najua hoja ya wanaowahurumia farasi, kwamba wasiletwe barabarani, nami sina ubishi nayo sana. Lami inateleza, ving'ora vinapiga, na mnyama ana akili zake. Februari 1901, Windsor, farasi waliokuwa wavute jeneza la Malkia Victoria walisimamishwa kwenye baridi mpaka wakachachamaa na kukata mikanda; mabaharia wakashika kamba wakavuta wenyewe. Mpaka leo ndivyo ilivyo kwa wafalme: mwaka 2022 jeneza la Elizabeth II lilivutwa na mabaharia 142. Ila hawa wa mitaani kwa kawaida ni farasi wa Friesland, Uholanzi, wapole, waliozoeshwa mabasi, na kwato zao zinapigiliwa misumari yenye ncha ngumu ili wasiteleze. Safari ndefu wanapandishwa lori, wanashushwa karibu na nyumba ya msiba. Barabara kuu za mwendo kasi hawaruhusiwi kabisa, na ni vizuri.

Wengine husema ni ufahari tu. Ufahari upo, tusidanganyane. Mwaka 1995 jambazi Ronnie Kray alipelekwa makaburini Chingford na farasi sita, watu wamejipanga kando ya njia kama amekufa mfalme. Lakini mwenye NAN yake sikuona kundi la watu. Niliona magari mawili ya familia, basi.

Nilifika kwa bibi ninayemhudumia nimechelewa karibu nusu saa. Ana miaka 88, amezaliwa mitaa hiyohiyo, na mazishi yake ameshayalipia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Karatasi anaiweka kwenye kopo la biskuti, juu ya friji. Aliwahi kuniambia kwamba amesubiri mabasi ya London maisha yake yote, kwa hiyo siku moja basi nalo litamsubiri yeye. Nilianza kumwomba radhi, mikono bado ina baridi, nikamweleza habari za farasi.

Hakutaka radhi yangu. Aliuliza walikuwa wangapi.

"Wawili, bibi."

Akashika kikombe chake cha chai, akakipuliza. Wake, akasema, watakuwa wanne.